Kabla ya Kulaumu Intaneti, Tazama Mipangilio ya Prosesa

Kwa miezi kadhaa mchezo wa mbio za magari ninaoupenda, ambao huchezwa ndani ya kivinjari, ulikuwa ukikwama kila magari yalipojaa kwenye kona, na picha iliporejea gari langu lilikuwa limekwisha kugonga ukuta. Nililaumu intaneti na kufunga kurasa nyingine zote, lakini hali ikabaki ile ile.

Siku moja, mchezo ukiendelea, nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili nione Windows inavyoitumia prosesa, yaani kifaa kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Kasi yake ilikuwa imeganda kwenye gigahezi 1.8, ilhali prosesa hiyo inaweza kuvuka 3. Nilipofuatilia mipangilio ya umeme nilikuta kiwango cha juu cha prosesa kimewekwa asilimia 99. Asilimia moja huonekana si kitu, lakini kwenye kompyuta nyingi inatosha kuizima kasi ya ziada, yaani turbo. Nilirudisha 100, na papo hapo namba ikapanda hadi 3.4. Kumbuka kwamba laptopu huwa na kiwango cha wakati wa betri na kingine cha wakati wa chaja, kwa hiyo vikague vyote viwili.

Kasi hiyo ina uzito kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ya michezo hii, iliyoandikwa kwa JavaScript, lugha ya programu za kivinjari, hufanywa na kiini kimoja cha prosesa, yaani kimoja kati ya vitengo vyake vya kufanya kazi, kwa wakati mmoja. Ili upate picha 60 kwa sekunde, kila picha inapaswa kukamilika ndani ya milisekunde 16.7 hivi, na kiini kinachosuasua hakiokolewi na vingine saba vilivyokaa bure. Ndiyo maana simshauri mtu akifungie kivinjari kwenye viini vichache, wala akipe kipaumbele cha juu kabisa, kwani hapo hata kipanya na kibodi vinaweza kuacha kuitikia.

Kasi ikipanda, joto nalo hupanda, na prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe. Kwangu kasi ilianza kushuka baada ya dakika 20 hivi za kucheza. Nilizima kompyuta, nikaondoa vumbi lililoziba matundu ya feni, na tangu hapo hucheza nusu saa nzima bila kasi kushuka chini ya 3.