Usimnyoe huyo mbwa chotara

Mkuu, umeuliza kama umnyoe manyoya mbwa wako chotara wa German Shepherd; hapana, usimnyoe eti kisa joto la Mtwara. Chotara wa aina hiyo mara nyingi huwa na manyoya tabaka mbili: ya juu magumu yanakinga jua, ya ndani laini ndiyo yanayopukutika nyumba nzima. Ukinyoa, ngozi huweza kuungua na jua na manyoya huweza kurudi hovyo. Mchane tu, zile pamba za ndani zitoke, hewa ipite. Wetu hapa Mikindani tunamtembeza alfajiri; mchanga ukishachemka, hatoki. Cha kuogopa zaidi ni kupe, kwa hiyo kila ukimchana pekua ndani ya masikio na katikati ya vidole. Ila kama wako amechukua manyoya mafupi ya mzazi wake mbwa wa kienyeji, hakuna hata cha kunyoa.