Nilivyomtukana mteja nikidhani namshukuru

Mimi ni mfasiri. Mwaka ule mteja wangu, mama mmoja wa Uingereza, alinipa vipeperushi vya chanjo nivitafsiri kwa Kiswahili. Nilipomaliza akaniandikia barua pepe ndefu: kazi safi, lugha inatiririka, wasomaji wake wa Morogoro wameelewa bila kuuliza. Nikavimba kichwa, nikataka kumjibu kwa Kiingereza cha kuvaa tai. Nikamshukuru kwa "fulsome praise" yake. Kwangu neno lilijieleza lenyewe: "full" ni kujaa, basi hizo ni sifa tele, sifa za kujaa pomoni.

Jibu lilikuja kesho yake, mstari mmoja tu. Alisema alimaanisha kila neno.

Nikampelekea simu mfasiri mwenzangu, mtu mzima aliyenitangulia kazini miaka mingi. Alisoma, akacheka mpaka akavua miwani.

"Mdogo wangu, umemwambia anakuvisha kilemba cha ukoka."

Kumbe sikukosea sana. Nilichelewa karne kadhaa tu. Neno lenyewe kweli limeundwa kwa "full" na kiambishi "-some", na katika karne ya 13 lilikuwa na maana ya wingi. Baadaye likaanza kunenepa. Likawa la kitu kilichoshiba kikapitiliza, cha kuchefua roho. Shakespeare aliwaita hivyo kondoo majike waliokuwa tayari kupandwa, jambo ambalo ningelijua mapema ningeitafakari barua yangu upya. Kufikia karne ya 17 neno lilishahamia kwenye sifa, zile zilizomiminwa mpaka zinanuka unafiki.

Safari hiyo sisi tunaijua. Chukua kukinai. Tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako ni kuridhika, na hata kwetu aliyekinai ni mtu aliyetosheka na alichonacho. Lakini kaa na sahani ya halua na kahawa chungu. Kipande cha kwanza kitamu, cha pili kitamu, cha nne samli inakukaa kooni, unasukuma sahani: "Basi, nimekinai." Neno ni lilelile, ila sasa linachefua. Ndiyo maana nikikutana na "fulsome praise" nathubutu kuandika "sifa za kukinaisha". Kilemba cha ukoka kinabeba uongo wa sifa, hakibebi uzito wake tumboni.

Ugumu ni kwamba siku hizi wapo wenye Kiingereza chao wanaolirudisha kwenye maana ya zamani, na kamusi zinaweka zote mbili. Kwa hiyo ukiwa unatafsiri, tazama nani anasema na anamsema nani. Mwandishi wa gazeti akisema wapambe wamemmwagia kiongozi "fulsome praise", hapo anawacheka, tafsiri ukijua hivyo. Kampuni ikitangaza "fulsome apology", huenda inataka kusema imeomba radhi kwa ukamilifu. Ukikwama, muulize mteja, hiyo si aibu. Ila ukiwa unaandika la kwako, liache kabisa. Tumia "generous" au "warm", ulale usingizi.

Yule mama nilimwomba radhi na kumweleza nilivyoteleza. Alinijibu kwa upole, na kazi hazikukatika. Lakini zile barua ndefu sikuziona tena. Nikituma kazi sasa, ananijibu kwa maneno mawili: nimepokea, asante.