Mnaoanza kusoma bei za kubeti uchaguzi, soma swali kwanza

Kila msimu wa chaguzi kubwa huko nje dawati letu la habari za kimataifa linapata vijana wapya, na wengi wao mambo ya kubeti wanayajua kuliko mimi, mkeka wa timu kumi na mbili anaupanga huku anakunywa chai. Shida ni moja: ukimpa bei za nani atakuwa waziri mkuu wa nchi fulani anazisoma kama mechi ya Simba na Yanga, dakika tisini zikiisha tumemaliza. Sasa kwenye nchi ambazo bunge ndo linachagua waziri mkuu, siku ya kura ndo kwanza mambo yanaanza.

Kwa hiyo kabla hujaangalia namba yoyote, angalia swali la kubeti limeandikwaje. Kila swali moja ambalo watu wanaliwekea hela tunaliita soko. Kuna soko la chama gani kitapata viti vingi zaidi, na kuna soko la nani ataongoza serikali, yamekaa jirani kabisa, mgeni anayachanganya. Chukua Thailand 2023. Mei 14 chama cha Move Forward cha Pita Limjaroenrat kikaongoza kwa viti 151 kati ya 500, wakaungana vyama nane wakafika 312, ukiangalia haraka unasema jamaa kashaapishwa. Ila katiba yao wakati ule ilikuwa inawapa maseneta 250 walioteuliwa na jeshi haki ya kumpigia kura waziri mkuu pamoja na wabunge, kwa hiyo alihitaji kura kama 375. Julai 13 akapata 324, maseneta waliomuunga mkono walikuwa 13 tu. Pheu Thai waliokuwa wa pili wakajitoa wakaenda kukaa na vyama vya upande wa wanajeshi, na Agosti 22 akachaguliwa Srettha Thavisin. Aliyeweka hela kwa Move Forward kuongoza kwa viti alikuwa sawa kabisa, aliyeweka kwa Pita kuwa waziri mkuu mkeka ulichanika, na wote wawili waliangalia matokeo yale yale.

Hispania mwaka huo huo kisa ni hicho hicho bila wanajeshi, chama cha PP cha Feijóo viti 137, PSOE cha Sánchez 121, Feijóo akajaribu bungeni akakwama kwenye kura 172 wakati inatakiwa 176, Novemba 16 Sánchez akapita na 179. Ujerumani nako, Mei 6 2025, Merz alikuwa anatafuta ukansela, yaani uwaziri mkuu wao, mkataba wa muungano wa vyama ulishasainiwa na bado raundi ya kwanza akapata 310 badala ya 316, akapita mchana raundi ya pili. Mnaona? Sisi tumezoea rais anayechaguliwa moja kwa moja, mwenye kura ndo mwenye kiti, ndo maana hizi njia za kona kona tunazisahau. Mimi siku hizi nikipewa nchi nisiyoijua naandika kwenye karatasi: nani anampigia kura kiongozi, zinatakiwa ngapi, chama gani kinaweza kukataa. Ndo nafungua bei.

Haya, bei zenyewe. Kwenye masoko ya utabiri kama Polymarket, ambako watu wanauziana hisa inayolipa dola moja jibu likiwa sahihi, ni rahisi, senti 62 maana yake soko linampa kama asilimia 62. Kwenye kampuni za kubeti gawanya 1 kwa odi, ile namba inayozidishwa na dau lako ukishinda, 1.25 inakupa asilimia 80. Ila hapo kampuni imeshajiwekea faida yake. Mfano wagombea wawili, mmoja 1.50 na mwingine 2.40: wa kwanza 66.7, wa pili 41.7, jumla 108.4, na hakuna dunia yenye asilimia 108. Gawanya 66.7 kwa 108.4 unapata kama 61.5, hiyo ndo uandike, sio 67. Nimeona hii 67 ikisomwa redioni na hakuna aliyeshtuka.

Halafu angalia pesa iliyopo. Kama mnunuzi wa juu anatoa senti 55 na muuzaji anataka 70, ile 63 iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni mapambo tu, hamna mtu anayefanya biashara hapo. Tajiri mmoja pia anaweza kusukuma bei, 2024 Mfaransa mmoja aliweka zaidi ya dola milioni 30 kwa Trump kupitia akaunti kadhaa, watu wakasema anachezea soko, na mwisho dau lake likashinda. Kwa hiyo ukiona mkono mkubwa usikimbilie kusema bei ni ya uongo, sema tu kwamba ni mkono mmoja.

Na msidanganywe kwamba wenye kampuni wana siri. Australia 2019 kampuni ya kubeti ya Sportsbet iliwalipa waliobeti chama cha Labor siku mbili kabla ya kura, dola milioni 1.3 za kwao, wakiamini imeisha. Mei 18 akashinda Scott Morrison, mpinzani wa Labor, ikabidi walipe na waliobeti upande wake.

Kingine, masharti ya malipo yasome mpaka chini. Fikiria Kenya 2017: tume ilimtangaza Uhuru Agosti 11, Mahakama ya Juu ikafuta Septemba 1, uchaguzi ukarudiwa Oktoba 26. Soko lingelipa kwa tangazo la tume, kwa hukumu, au kwa kiapo? Masoko mawili yanaweza kuwa na jina moja na majibu tofauti kwenye hilo tu.

Mhariri akikupigia usiku anataka "nani anaongoza", mpe namba, jina la soko, swali lilivyoandikwa, na saa uliyoisoma. Saa usisahau, ile asubuhi ya Merz bei ya saa tatu ilikuwa habari ya zamani kufika saa sita.