Nyuzi Tatu Ninazokwenda Nazo Kongowea

Ndani ya pochi yangu, nyuma ya kitambulisho, hukaa nyuzi tatu: mmoja mweupe wa binti yangu mwenye miaka 11, mmoja wa kijani wa mdogo wake mwenye miaka 7, na mwekundu wa kitindamimba ambaye juzi ametimiza miaka 2. Urefu wa kila uzi ni kipimo cha kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu, na fundo lililopigwa katikati linaonyesha upana wa mabega. Wauza mitumba wengine hunicheka ninapozitoa, lakini tangu nianze kuzibeba sijarudi nyumbani na suruali isiyomwingia mtu.

Kazi ya kuwavisha watoto iliniangukia mke wangu alipoanza kufanya kazi ya zamu hotelini, nami nikaingia soko la Kongowea, hapa Mombasa, kwa majigambo ya mtu asiyejua kitu. Siku ya kwanza nilinunua koti la manyoya la mtoto kwa shilingi 200. Lilikuwa zuri kweli, zipu yake ikiteleza kama iliyotiwa mafuta, na kwa bei hiyo nilijiona nimeokota dhahabu. Ilikuwa Februari, kaskazi imepamba moto, na mke wangu alipoliona aliniuliza swali moja tu: ni nani katika nyumba hii anayeishi Limuru, kule kwenye baridi? Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba bei iliyotajwa mezani ni sehemu tu ya gharama. Shati la shilingi 50 ambalo halivaliki ni ghali kuliko la 250 litakalovaliwa na mkubwa, likapokewa na mdogo, kisha likatolewa kwa jirani likiwa bado lina uhai. Nauli ya matatu, sabuni, kifungo kipya na ujira wa fundi cherehani navyo huhesabiwa, na asiyevihesabu atajidanganya kila wiki.

Soko la Kongowea, kwa anayetoka kisiwani, liko ng'ambo ya Daraja la Nyali, na wengi hulijua kwa nyanya, vitunguu na ndizi kabla ya kulijua kwa nguo. Mtumba, kwa asili ya neno, ni furushi, na nguo hizi huingia nchini kupitia bandari yetu ya Kilindini zikiwa zimefungwa katika mabelo, ambayo mengi huwa na uzito wa kilo 45 hivi. Mfanyabiashara hununua belo bila kuona kilichomo ndani, hivyo naye anabahatisha kama wewe. Belo linapofunguliwa, nguo bora kabisa, zile ziitwazo kamera, hutengwa na kutundikwa, na mara nyingi huchukuliwa mapema na wenye maduka wanaokwenda kuziuza tena mjini kwa bei ya juu. Zinazobaki humwagwa mezani, na kadiri jua linavyopanda bei hushuka, hadi jioni ambapo mabaki huuzwa kwa bei ya fagia. Anayetafuta nguo ya kutokea akawahi asubuhi, na anayetafuta fulana za kuchezea mchanga aende alasiri. Mimi huenda asubuhi kwa ajili ya binti yangu, ambaye ameshaanza kuchagua, na alasiri kwa ajili ya wale wawili ambao nguo zao humalizwa na sakafu.

Msimu una uzito wake pia. Katika kumi la mwisho la Ramadhani nguo za watoto hupanda bei karibu kila siku, kwa sababu kila mzazi anatafuta cha Idi kwa wakati mmoja, na mwuzaji anajua kwamba huna nafasi ya kusema utarudi wiki ijayo. Kwa hiyo nguo za Idi mimi huzinunua Shaabani, na zikitangulia zaidi, Rajabu. Wiki ya kufungua shule mwezi Januari ina mambo yayo hayo kwa sweta na viatu vyeusi. Kinyume chake, katika mvua za Aprili na Mei, soko likijaa matope na wanunuzi wakipungua, bei hulegea. Ukiwa na viatu vya mpira na subira, huo ni wakati mzuri. Jambo moja haliko mikononi mwa mnunuzi wala mwuzaji: mwaka 2020, serikali iliposimamisha uingizaji wa mitumba kwa sababu ya korona kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Agosti, tulibaki tukichambua yaliyokuwa yameshachambuliwa. Tangu wakati huo sisubiri mtoto abaki na suruali moja ndipo nitoke kutafuta.

Kuhusu lebo, ni vyema kuzisoma lakini si vyema kuziamini. Nguo zilizotengenezwa kwa soko la Uingereza huandikwa umri, kwa mfano 5–6, zile za nchi nyingine nyingi za Ulaya huandikwa urefu wa mtoto kwa sentimita, kwa hiyo 116 imekusudiwa mtoto wa kiasi cha miaka 6, nazo za Marekani huweka herufi T kwa watoto wadogo. Watoto wetu hawakukatwa kwa mfano mmoja na hao, na binti yangu aliye mrefu na mwembamba hakuwahi kuoana na lebo yoyote. Uzi haudanganyi. Na mtumba una faida moja ambayo nguo mpya haikupi: nguo ya pamba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi imeshanywea kadiri ya kunywea kwake, hivyo unachokipima leo ndicho utakachokipata baada ya kufua. Huongeza vidole vinne kwenye urefu wa suruali, kisha fundi hupiga upindo wa ndani ambao tunaufumua mtoto anaporefuka.

Kukagua nguo ni kazi ya mikono zaidi ya macho. Huigeuza ndani nje na kuiinua kwenye mwanga, kwa kuwa kitambaa kilichochoka huonyesha wepesi wake makalioni na magotini kabla hakijatoboka. Kwapa huonyesha jasho la mwenyewe wa kwanza, na harufu ya kwapa, tofauti na ile harufu ya jumla ya belo ambayo huondoka kwa maji na jua, mara nyingi haiondoki. Lastiki huivuta na kuiachia: ikirudi polepole, au ikitoa mlio wa kukwaruza, imekufa, ingawa kubadilisha lastiki ya kiuno ni kazi ndogo kwa fundi. Zipu ni habari nyingine, kwa sababu kuibadilisha kunaweza kuzidi bei ya suruali yenyewe. Doa la chakula kwenye pamba huenda likatoka, lakini la kutu au la rangi ya ukutani hulipokea kama sehemu ya nguo au naiacha. Na hapa Mombasa kitambaa ni nusu ya uamuzi; nguo ya poliesta nzito, hata iwe na maua ya namna gani, mtoto ataivua saa nne ya asubuhi na kuitupa chini ya kochi.

Kupatana bei kunahitaji adabu kuliko ujanja. Husalimu kwanza, na kama mwenye meza ni mama wa makamo humwamkia shikamoo na kungoja marahaba yake kabla sijagusa kitu. Sisemi kamwe kwamba nguo yake ni mbaya ili aipunguze. Ikiwa mbaya, mbona naitaka? Huonyesha kifungo kilichokosekana, nikasema, “Mama, hiki itabidi nikanunue, basi nitolee thamani yake.” Hukusanya vitu vinne au vitano kutoka meza moja na kuomba bei ya jumla, kwa sababu mwuzaji yuko radhi kupunguza kidogo kwa kila kimoja akijua fungu zima linaondoka. Ukiwa mteja wa kwanza wa siku, wengi hawapendi uondoke mikono mitupu, lakini nadhani si uungwana kulitumia hilo kumkamua mtu ambaye hata belo lake hajalirudishia mtaji. Baada ya miaka michache ya kununua kwake, mama mmoja sasa huniwekea suruali za mvulana pembeni, na hilo limeniokolea pesa nyingi kuliko ubishi wote niliowahi kuufanya.

Vipo vitu ambavyo sivinunui hata vikiwa bure. Nguo za ndani ni mojawapo, na viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya, navyo vinazuia zisiingizwe nchini zikiwa zimetumika, ijapokuwa mezani bado unaziona. Viatu vya mtoto anayejifunza kutembea navyo naviacha, kwa sababu soli ya ndani imeshashika umbo la mguu wa mwingine. Kwa mkubwa nitavikubali ikiwa kisigino hakijalika upande mmoja. Helmeti ya baiskeli imetengenezwa kuhimili pigo moja, na kwa kuitazama tu huwezi kujua kama pigo hilo limeshapita. Kiti cha mtoto cha gari nacho kina muda wake wa kutumika, ambao aghalabu huchapwa chini au nyuma ya plastiki yenyewe, na kilichopata ajali hakifai tena. Mwuzaji asiyeweza kukueleza historia yake, mshukuru uende zako.

Kitanda cha mtoto kilinifundisha kwa hofu. Nilikinunua kwa fundi mmoja wa samani zilizotumika, cha mbao nzuri, chenye ubavu mmoja unaoshuka ili mzazi asiiname. Usiku wa tatu komeo la ubavu ule likaachia na mtoto akabanwa mkono kati ya ubavu na godoro. Alilia sana, lakini mkono haukuvunjika. Baadaye nilisoma kwamba Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa vitanda vya namna hiyo tangu 2011, kwa sababu vilikuwa vimeua watoto wachanga. Siku hizi nikiulizwa na mzazi mwenzangu, humwambia apime nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6, godoro lijae pande zote, na pasiwe na ubavu unaoshuka. Midoli ya zamani iliyopakwa rangi inayobanduka pia naiacha, maana rangi za miaka hiyo zaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na mtoto hutia kila kitu kinywani.

Nguo zikifika nyumbani haziingii kabatini. Hukaa kwanza katika mfuko wa plastiki uliofungwa kwa siku 7, jambo linalotosha kuua wadudu wa upele, ambao hawaishi siku nyingi nje ya mwili wa binadamu, kisha hufuliwa kwa maji ya moto kiasi ambacho kitambaa kinaweza kustahimili, huanikwa juani na hupigwa pasi. Pasi ile si ya urembo tu: yuko inzi wa nchi za joto ambaye hutaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje, na mabuu wake huingia kwenye ngozi, lakini joto la pasi huyaua mayai hayo. Pasi ipite kwenye mishono na viuno vya suruali, ambako hata kunguni hupenda kujificha. Klorini siitumii kwenye chochote chenye lastiki.

Vitabu sina mengi ya kusema, isipokuwa kwamba vya masomo vya mtaala wa 8-4-4 bado vimejaa kwenye vibanda vya vitabu vilivyotumika ilhali mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi katika mtaala huo, ulifanywa mwaka 2023. Vya hadithi, kamusi na ramani havijapitwa na wakati, na huvipata kwa bei ya chupa mbili za soda.

Samani ndizo zilizonipa furaha kubwa zaidi. Mbao ngumu za mvule au msaji zilizofanya kazi miaka 40 zitafanya nyingine 40, wakati kabati jipya la mbao za kusindikwa huvimba miguu mwaka wa kwanza kwa unyevu wa pwani na deki ya kila siku. Hutikisa kiungo, hutazama kama kuna unga mwembamba chini ya miguu, ambao ni dalili ya wadudu wanaotoboa mbao, na hunusa droo kutafuta ukungu. Anayevutwa na vitu vya kale hasa, kama makasha yenye njumu za shaba yanayoonekana Mji wa Kale, ni vyema ajue kwamba Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 inavihesabu vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa vya kale, na inailinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1946. Ukiuziwa ubao wa mlango wa nakshi kwa bei ya kutupa, uliza ulibanduliwa nyumba gani kabla hujauliza bei.

Kasha nililonunua mimi si la kale hivyo, na njumu zake nyingi zimedondoka, lakini mfuniko unafunga vizuri baada ya kuwekewa mkono wa kuuzuia usiangukie vidole vya watoto. Ndani yake huweka nguo za ukubwa ujao, zile ninazozikuta zikiwa nzuri na rahisi kabla hazijahitajika, ila sivuki ukubwa mmoja mbele, kwa sababu watoto hukua bila kufuata mpango wa mtu. Kila likizo hulifungua na kupima upya, na uzi uliopitwa hukatwa mwingine. Koti la manyoya limo humo chini kabisa, na shemeji yangu wa Limuru ameahidi kulichukua.