Maswali na Majibu: Nimebadilisha pedi mwenyewe, sasa breki haziachii

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST, nipo Morogoro. Wiki mbili zilizopita nilibadilisha pedi za mbele mwenyewe. Nililegeza nipo (ile skrubu ya kutolea upepo kwenye breki) ili pistoni irudi ndani, mafuta yakamwagika na kikopo cha mafuta ya breki kikapungua. Sikuwa na mafuta ya breki, nikajazia oili nyekundu ya giaboksi iliyokuwa imebaki. Siku za mwanzo pedali ilikuwa inazama mpaka niipampu mara mbili tatu. Sasa imepanda na ni ngumu, ila gari limekuwa zito na rimu za mbele zinachemka. Fundi wa mtaani anasema pedi ni nene, nizipige msasa au niziache zijisage zenyewe. Ijumaa naenda Iringa. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Ijumaa panda basi. Hilo gari lisitoke hapo lilipo, hata kwenda sokoni.

Pedi zako waziache, hazina kosa. Kinachokutesa ni ile oili nyekundu, na nakuandikia kwa urefu kwa sababu kesi hii naipokea mara kwa mara, na karibu kila mara mtu ameshazungushwa kwa mafundi wawili watatu kabla ya kufika kwangu.

Nadhani jina limetuponza. Tunasema "mafuta ya breki", wengine "oili ya breki", basi mtu anaona mafuta ni mafuta. Kile kimiminika si mafuta ya kulainishia chuma. DOT 3 na DOT 4, yaani viwango vinavyoandikwa kwenye chupa zake, ni jamii ya kemikali iitwayo glaikoli, kinachanganyika na maji vizuri kabisa, na raba zote za mfumo wa breki zimetengenezwa zikae ndani yake. Raba hizo hizo ukizikutanisha na oili ya injini, oili ya giaboksi, dizeli au petroli, zinainywa. Zinavimba na kulainika, na hazirudi tena kuwa kama zamani.

Sasa tazama kilichotokea kwako. Ile pedali iliyokuwa inazama ilikuwa upepo, uliingia pale ulipolegeza nipo. Wakati huo oili ilikuwa inaanza kazi yake ndani ya masta, ile pampu kuu ya breki inayosukumwa na pedali. Humo kuna kitundu kidogo ambacho mafuta hupitia kurudi kwenye kikopo unapoinua mguu. Raba ikivimba, inakaa juu ya kitundu hicho. Mafuta yaliyosukumwa kwenda kwenye magurudumu yanakosa njia ya kurudi, pedi zinabaki zimeng'ang'ania diski, diski inachemka, mafuta yanatanuka kwa joto na kubana zaidi. Kwa hiyo pedali kupanda si dalili kwamba breki zimepona. Ni ugonjwa uleule umefika hatua nyingine.

Hakikisha mwenyewe kabla hujatoa hata shilingi. Fungua mfuniko wa kikopo, tazama raba iliyo chini yake. Juzi nimefungua gari la mtu, raba ile ilikuwa imejaa na kujikunja kama andazi lililolowekwa kwenye chai. Nilijaribu kuirudisha kwenye mfuniko wake, haikuenea. Kisha vuta mafuta kidogo kwa bomba la sindano, tia kwenye glasi ya maji safi, koroga. Mafuta halisi ya breki yatapotelea kwenye maji. Ukiona matone yanaelea juu, jibu unalo. La mwisho, piga jeki, weka stendi, jaribu kuzungusha gurudumu la mbele kwa mkono. Likigoma, legeza nipo. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia papo hapo, ujue presha ilifungiwa ndani, na habari ya unene wa pedi imeishia hapo.

Matibabu yake ni ghali, sitakuficha. Kumwaga na kujaza mapya peke yake hakusaidii, kwa sababu raba imeshainywa oili. Umeendesha wiki mbili, kwa hiyo masta ibadilishwe, raba za kalipa (kile chuma kinachoshika pedi na pistoni), silinda ndogo za nyuma, paipu za raba na raba ya mfuniko. Paipu za chuma zisafishwe kwa mafuta mapya ya breki mpaka yatoke meupe. Kama gari lako lina ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki), boksi lake nalo lichunguzwe. Ungegundua siku ileile, kabla hujakanyaga pedali, kunyonya na kusafisha kikopo kungeweza kutosha.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba mafundi wengine wanafanya yaleyale kwa mlango mwingine. Anafungua kalipa, anaosha raba kwa petroli kwenye kopo lilelile alilooshea plagi, anapaka grisi ya beringi "ili pistoni iteleze", anafunga. Mwenye gari anaondoka akifurahi, baada ya siku chache rimu inachemka, anaambiwa pedi alizonunua ni feki. Raba ya breki huoshwa kwa mafuta ya breki. Ukimwona fundi anachota petroli, mzuie, hata kama atakununia.

Wengine wanakinga mafuta waliyotolea upepo na kuyarudisha kikoponi, au wanatumia chupa iliyokaa wazi rafuni miezi mingi. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. Kwa kiwango chake, DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi joto 205, lakini ikishanyonya maji inaruhusiwa kuchemka kuanzia 140. Wewe ungetoka Iringa unateremka mlima Kitonga, mguu uko kwenye breki kona baada ya kona, na pedi tayari zimeng'ang'ania. Mafuta yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabonyea, pedali inazama hadi chini na mbele yako kuna lori. Hapo hakuna kupampu kutakakokuokoa.

Dukani, soma kilichoandikwa kwenye mfuniko wa kikopo cha gari lako, nunua chupa ndogo ambayo utepe wake haujakatwa, ifunguliwe ukiwapo. Zile pedi zikague kabla ya kuzirudisha: kama joto limezipasua au uso wake umekuwa kama kioo, weka nyingine. Na ile oili nyekundu iliyobaki iandike jina kwa maandishi makubwa, uiweke mbali na vitu vya breki.