Kwa nini mteja analetwa kula nyumbani

Umeuliza kwa nini kwenye komedi za zamani za Marekani bosi anamleta mteja kula nyumbani kwa mfanyakazi wake badala ya hotelini. Mimi nimeiangalia Bewitched yote, ile komedi ya TV ya Samantha Stephens, mke mchawi, na mumewe Darrin anayefanya kazi kampuni ya matangazo, 1964 mpaka 1972, vipindi 254, na naona sababu kubwa ni seti. Sebule na jiko la akina Stephens tayari vipo studio, hoteli inabidi uijenge upya na ulipe watu wa kukaa meza za nyuma, halafu jikoni ndo Samantha anapata pa kujificha apige uchawi wake mgeni asione.

Ya pili ni maisha yenyewe ya enzi zile, mke alihesabika kama sehemu ya kazi ya mumewe, Larry Tate, bosi wa Darrin, anaweza kusema tu leo usiku nakuja na mteja basi Samantha apike, apendeze, amchekee mtu asiyemjua. Yule dada anaifanyia kazi kampuni ya matangazo bila mshahara jamani, na mara nyingi yeye ndo anaokoa dili: Endora, mama yake Samantha, naye mchawi, kashamroga mkwewe Darrin, sebule vurugu tupu, Samantha anamtupia mama yake jicho kali halafu anamgeukia mgeni na tabasamu, anamwambia hilo lilikuwa wazo la Darrin la tangazo, na mteja analipenda kweli. Hapo namkubali mno Elizabeth Montgomery, aliyeigiza Samantha, ule uso unavyobadilika ndani ya sekunde moja.