Nikisema nimelemewa, nitaonekana sina imani?

Swali: Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni kiongozi wa kikundi cha maombi kanisani kwetu. Tangu mume wangu afariki, nasimama na kuwaombea wenzangu vizuri tu, lakini nikifika nyumbani sina hata neno moja la kumwambia Mungu. Usingizi umepotea. Ibada zetu zina kipindi cha ushuhuda, na kila anayesimama anaeleza alivyovuka. Sijawahi kumsikia mtu akisema bado yumo ndani ya shida. Naogopa kwamba nikisema ukweli wataniona nimerudi nyuma, na ninaowaongoza watavunjika moyo. Je, ninyamaze nimwachie Mungu? Na kama ni kusema, nimwambie nani?

Jibu: Asifiwe milele, dada yangu. Pole sana kwa kuondokewa na mwenzako.

Ulichonieleza si dhambi, wala si kurudi nyuma. Waebrania 4:15 inatuambia kwamba kuhani wetu mkuu huchukuana nasi katika mambo yetu ya udhaifu, na kwamba yeye mwenyewe alijaribiwa kama sisi bila kufanya dhambi. Yesu alichoka safarini, akalia kwenye msiba wa Lazaro, na hakuna mahali anapolaumiwa kwa hayo. Kama umekosa maneno, fungua Zaburi ya 88 uisome kwa sauti. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani. Mwishoni hutakuta mstari wa ushindi. Hata hivyo imo katika Biblia, na watu wa Mungu wameiomba vizazi na vizazi. Iwe sala yako kwa sasa.

Kuhusu hofu ya kuonekana dhaifu, msome Paulo katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, na uangalie alikuwa akiwaandikia watu gani. Kanisa la Korintho lilikuwa limevutiwa na mitume wenye majivuno, na wapo waliosema juu ya Paulo kwamba nyaraka zake ni nzito lakini akiwapo mwenyewe ni dhaifu (10:10). Hapo ndipo mtu angetarajia ajitetee kwa kutaja miujiza yake. Badala yake, tangu sura ya kwanza anawaambia kwamba kule Asia alilemewa kuliko nguvu zake hata akakata tamaa ya kuishi. Kisha katika sura ya 12 anawafungulia jambo la ndani zaidi: mwiba katika mwili, ambao alimsihi Bwana mara tatu umtoke, na haukutoka. Jibu alilopewa ni hili: “Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu.” Huo nao ni ushuhuda, dada yangu, na ni wa mtu ambaye mwiba bado unamchoma. Kanisa linalosikia habari za waliokwisha kuvuka peke yake linawafundisha walio katikati ya maji kujificha, na naliona hilo kuwa jeraha kubwa katika makanisa yetu.

Lakini sikuambii usimame Jumapili na kulieleza kanisa zima. Mtazame Bwana wetu Gethsemane. Wanafunzi wengine aliwaambia wakae mahali fulani, akawachukua Petro na wana wawili wa Zebedayo, na hao watatu ndio aliowaambia, “Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami.” Hakuificha huzuni yake, wala hakumwambia kila mtu. Na hao watatu walilala! Akawarudia, akawakuta wamelala, akasema roho i radhi lakini mwili ni dhaifu, akaenda kuomba tena, akawarudia tena. Nalitaja hili kwa sababu huenda utakayemwambia naye akashindwa kukesha nawe mara ya kwanza. Usikate tamaa naye upesi.

Mchague, basi, mtu mmoja au wawili. Kipimo changu ni kimoja: je, umewahi kumsikia akisimulia siri ya mtu mwingine? Siku hizi umbeya huvaa vazi la ibada: “Wapendwa, tumwombee dada fulani, anapitia mambo mazito,” halafu mambo yote yanaanikwa. Anayefanya hivyo kwa wengine atakufanyia na wewe. Kumbuka pia marafiki wa Ayubu. Siku saba za kwanza walikaa naye chini bila kusema neno, wakafanya vema. Walipofungua vinywa kumtafutia kosa ndipo walipomwongezea maumivu. Unaweza kabisa kumwambia utakayemchagua, “Sitaki unishauri leo, nataka ukae nami.”

Kwa habari ya usingizi, nenda ukamwone daktari pia. Elia alipoomba afe, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, na mazungumzo yakaja baadaye. Paulo naye alimshauri Timotheo jambo la kutumia kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara (1 Timotheo 5:23). Kutafuta tiba si kupungukiwa imani. Na mawazo ya kutotaka kuishi yakikujia, usingoje. Mwambie mtu siku hiyohiyo.

Limebaki suala la uongozi. Mweleze mchungaji wako kwamba unahitaji kupumzika, na umwombe mtu mwingine aongoze kikundi kwa muda. Wewe uendelee kuhudhuria, ukae katikati yao, nao wakuombee. Mikono ya Musa ilipokuwa mizito vitani, Haruni na Huri walimwekea jiwe akaketi, wakaitegemeza huyu upande huu na huyu upande huu (Kutoka 17:12), na hakuna Mwisraeli aliyemdharau kwa kuketi. Wenzako wakiuliza sababu, waambie: nina huzuni ya msiba, naombeni mnisaidie kuubeba.